Kufuata nyayo za bankambo kuanzia Kamatanda

Kadi ya mpiga kura, ambayo Wakongo wengi huitumia kama kitambulisho cha kila siku, ina mstari ambao watu huupita bila kuusoma. Ni mstari wa asili: sekta au eneo la chifu, teritwari, jimbo. Kijana wa Kamatanda aliyezaliwa Likasi, na ambaye baba yake pia alizaliwa Likasi, anaweza kukuta hapo pameandikwa Kabongo, Malemba-Nkulu, Ngandajika au Pweto, mahali ambapo hajawahi kukanyaga na pengine hamjui hata mtu mmoja. Akiulizwa ni nani aliyetoka huko, atajibu kwamba ni nkambo, yaani babu au bibi wa ukoo. Nkambo yupi, alikuja mwaka gani, na aliletwa na nini? Hapo ndipo mazungumzo huishia.

Watu wengi wanaoamua kulitafuta jibu hufikiria kwanza safari ya kijijini. Ni safari ndefu na ya gharama, na asiyejua jina la kitongoji wala la chifu wa zamani anaweza kurudi mikono mitupu. Kwa mkazi wa Kamatanda, mtaa wa Likasi wenye jina moja na mgodi wa shaba, ni rahisi zaidi kuanzia kazini. Likasi ni mji wa Katanga uliojengwa na watu walioitwa au kuletwa kufanya kazi, na kazi huacha karatasi. Karatasi hizo ndizo zitakazotaja kijiji.

Kazini kwanza

Shaba ya nchi hii haikusubiri Wazungu. Wasanga waliiyeyusha na kuimimina katika umbo la misalaba iliyozunguka mbali kibiashara. Biashara hiyo ndiyo iliyowavuta Bayeke kutoka Usumbwa, katika Tanzania ya leo, na kumfanya Msiri kuwa mtawala mwenye nguvu huko Bunkeya hadi alipouawa Desemba 1891. Kwa hiyo zipo familia za Likasi ambazo nkambo wao hakuletwa na kampuni yoyote; alikuwa hapa, au alifika kwa miguu yake kabla ya reli.

Familia nyingine nyingi zinaanza na kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906. Reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville (Lubumbashi ya leo) 1910 na Kambove 1913, na kiwanda cha Panda, kisha cha Shituru mwaka 1929, vikahitaji mikono mingi kuliko watu waliokuwa jirani. Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kuandikisha vibarua iliyoanzishwa 1910, ilitafuta watu vijijini. Robert Williams na mawakala wake waliandikisha wengine Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Katikati ya miaka ya 1920 zamu ikafika kwa Ruanda-Urundi, na watu wengi zaidi wakatoka Lomami na Kasai.

Mabadiliko yanayomsaidia zaidi mtafutaji wa leo yalikuja kuelekea 1928. Kampuni ilichoka kupoteza vibarua kila baada ya miezi michache, ikaanza kutoa mikataba ya miaka 3 na kuruhusu wake na watoto wakae kambini. Posho ilitolewa kwa kuhesabu vinywa: mfanyakazi, mkewe, watoto wake. Karani aliyetaka hesabu ya unga itimie alilazimika kuandika majina ya familia. Hivyo karatasi iliyokusudiwa kugawa chakula ikawa, bila mtu kupanga, kumbukumbu ya ukoo.

Kazi ya kwanza basi ifanyike nyumbani, kwenye sanduku la bati au mfuko wa plastiki wenye karatasi za marehemu. Humo hutafutwa kitabu cha kazi, karatasi ya mshahara, kadi ya hospitali ya kampuni, kadi ya kupima watoto uzito, ripoti ya shule ya kampuni na cheti cha miaka ya utumishi. Baadhi ya familia zitakuta barua ya mpango wa kuacha kazi kwa hiari ulioanza 2003, ambao kwa fedha za Benki ya Dunia uliwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Kabla ya kunakili kitu kingine chochote, inakiliwe namba ya mfanyakazi, ile ambayo wazee huiita matrikule. Jina liliweza kuandikwa vingine kila lilipopita kwa karani mpya, lakini namba haikubadilika kirahisi hivyo.

Mwenye namba, jina na kituo cha kazi, iwe Panda, Shituru, Kambove au Shinkolobwe, anaweza kuuliza katika ofisi za utumishi za Gécamines, iliyorithi mali na mafaili ya Union Minière baada ya kampuni kutaifishwa 1967. Ambaye nkambo wake alikuwa mtu wa reli aulize SNCC, kampuni ya taifa ya reli na mrithi wa BCK, yenye makao makuu Lubumbashi. Aende na barua fupi inayosema uhusiano wake na marehemu, nakala ya kitambulisho chake, na moyo wa kurudi tena. Nyaraka za uongozi wa kundi la Union Minière ziko Brussels, katika Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji. Hizo hufaa zaidi kwa kuelewa kambi na mikataba kuliko kwa kutafuta mtu mmoja.

Lubumbashi kuna msaada mwingine. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi amefanya kazi miaka mingi juu ya maisha ya wafanyakazi wa Union Minière na Gécamines, akilinganisha karatasi za kampuni na maneno ya wafanyakazi wenyewe. Tangu 2000, yeye na Bogumil Jewsiewicki wameongoza mradi wa kumbukumbu za Lubumbashi, uliokusanya masimulizi ya maisha pamoja na vitu vya nyumbani. Anayetafuta habari za nkambo mmoja atajifunza humo maswali gani ya kuuliza kuhusu nyumba, chakula na mshahara.

Na kama nkambo hakuwa mtu wa kampuni? Wengi walikuwa mafundi cherehani, wachuuzi au wapishi katika nyumba za Wazungu, wala hawakuwa na faili popote. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani huko Elisabethville kilitoa historia ya mji wao kwa Kiswahili, iliyoandikwa na André Yav. Kijitabu hicho, Vocabulaire de la ville d'Elisabethville, kingeweza kupotea; mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikichapisha upya 1990 pamoja na maelezo. Maboyi wale hawakungoja ofisi iwaandike. Familia ya leo nayo inaweza kuanza na orodha ya matajiri ambao nkambo aliwafanyia kazi, kwa kufuatana, hata bila tarehe.

Kwa familia za wanamuziki kuna mlango ambao wachache wanaujua. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipita Jadotville, yaani Likasi ya leo, na vinasa sauti vyake, akamrekodi Mwenda Jean Bosco, kijana mpiga gitaa ambaye jina lake lilifika mbali baadaye. Rekodi za Tracey zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954.

Jina moja, maandishi mengi

Msiri mwenyewe ameandikwa M'Siri, Msidi na Mushidi, kutegemea aliyeshika kalamu na masikio yake. Nkambo wa kawaida hakuwa na bahati nzuri zaidi. Mwenye kutafuta aandike kwenye ukurasa mmoja kila namna ambayo jina lingeweza kuandikwa: Tsh na Ch, Ky na Ki, l na r, lenye n mwanzoni na lisilo nayo. Ukurasa huo aende nao kila ofisi, maana karani asiyeona jina kama lilivyotamkwa hujibu upesi kwamba halipo.

Kisha kuna mkasi wa mwaka 1972. Katika siasa ya kurudi kwenye uhalisi wa Kiafrika, serikali ya Mobutu iliyafuta majina ya ubatizo kwenye karatasi za raia. Rais mwenyewe, aliyezaliwa Joseph-Désiré Mobutu, akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga. Mtu aliyeajiriwa 1955 kwa jina la ubatizo na la baba anaweza kuonekana kwenye karatasi za 1975 kama mtu mwingine kabisa, na baada ya 1990 jina la ubatizo likarudi. Kabla ya kuamua kwamba majina mawili ni ya ndugu wawili, inafaa kuangalia kama tarehe ya kuzaliwa, mke na namba ya kazi ni vilevile.

Majina ya mahali nayo yalihama. Likasi ilikuwa Jadotville hadi 1966, Lubumbashi ilikuwa Elisabethville, Kananga ilikuwa Luluabourg, Mbuji-Mayi ilikuwa Bakwanga, Kalemie ilikuwa Albertville. Upande wa Zambia, Mansa ilikuwa Fort Rosebery na Kabwe ilikuwa Broken Hill. Katanga iliitwa Shaba wakati wa Zaire, ikarudia jina lake 1997, na 2015 ikagawanywa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika.

Wakati mwingine jina lenyewe ni habari. Kwa Waluba wa Kasai, Mbuyi na Kabanga ni pacha. Kwa Waluba wa Katanga ni Kyungu na Kabange. Ikiwa nkambo aliitwa Kabange na hakuna anayemkumbuka Kyungu, basi kuna mtu mmoja zaidi wa kuulizia: huenda alifariki mchanga, huenda alibaki kijijini na ana wajukuu. Lakini majina hurithiwa pia, kwa hiyo jambo hili liulizwe kabla ya kuchorwa kwenye mti wa ukoo.

Kitabu cha ubatizo

Kwa waliozaliwa kabla ya uhuru, daftari la parokia mara nyingi lina mengi kuliko ofisi ya serikali. Wabenediktini wa Jean-Félix de Hemptinne walifika Katanga 1910, na Wamethodisti wana mizizi mirefu Mulungwishi, si mbali na Likasi. Waprotestanti wa Garenganze walitangulia wote: Frederick Stanley Arnot alifika kwa Msiri 1886. Hatua ya kwanza ni kujua dhehebu la nkambo wakati ule, ambalo si lazima liwe la wajukuu zake leo. Waliokuwa Kitawala, dini iliyopigwa marufuku na wakoloni, hawatapatikana kwa paroko.

Mstari wa daftari la Kikatoliki husomwa hivi. Kuna namba na tarehe ya ubatizo, jina alilopewa mtoto, kisha jina la baba na la mama. Penye Kilatini, natus ni aliyezaliwa, filius ni mwana wa kiume, filia ni wa kike, patrinus ni msimamizi. Msimamizi asipitwe haraka: mara nyingi alikuwa ndugu, jirani wa kambini au mtu wa kwao. Kisha macho yahamie pembeni mwa ukurasa. Pale pembeni huandikwa kipaimara na ndoa, hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine miaka 20 baadaye, maana paroko aliyefungisha hutakiwa kurudisha habari alikobatizwa mtu. Maneno machache yaliyobanwa pembeni yanaweza kutaja mume, mwaka na mji ambao familia haikuwahi kuusikia.

Anayekwenda kwa katibu wa parokia apeleke makadirio ya miaka, kwa mfano kati ya 1938 na 1944, asiombe kutafutiwa jina katika vitabu vyote. Aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na apige mstari wake tu, kwa sababu ukurasa ule una siri za familia nyingine.

Karatasi za serikali zisomwe kwa uangalifu wa aina nyingine. Kuzaliwa ambako hakukuandikishwa kwa wakati huthibitishwa baadaye na hukumu ya mahakama, na tarehe iliyomo ni ile waliyoieleza mashahidi. Wazee wengi wameandikwa tu kwamba walizaliwa mnamo mwaka fulani. Tarehe kama hiyo ichukuliwe kuwa makadirio, na karibu yake iandikwe ilikotoka.

Miaka bila kalenda

Mzee asiyejua mwaka anajua mambo yaliyotokea. Ndiyo maana anayekwenda kuuliza abebe orodha ya matukio ya Likasi na Katanga: mgomo wa Desemba 1941, ambapo wafanyakazi walipigwa risasi, uhuru wa 30 Juni 1960 na kujitenga kwa Katanga ya Tshombe siku 11 baadaye, kuzingirwa Jadotville kwa wanajeshi wa Ireland wa Umoja wa Mataifa Septemba 1961, fedha ya zaire mwaka 1967, vita vya Shaba 1977 na 1978, kuingia kwa waasi wa AFDL Lubumbashi Aprili 1997. Swali la mwaka gani hujibiwa kwa kusitasita. Lakini mtu akiulizwa, "Nkambo, Waairishi walipofungwa hapa Jadotville, ulikuwa umeshaolewa? Ulikuwa na mtoto mgongoni? Yupi?" majibu matatu hupatikana kwa pumzi moja.

Upande wa mama

Karatasi za kazi zinamjua mwanamume. Mke yumo kwa sababu ya posho, mara nyingine kwa jina moja tu, na baba yake hayumo. Katika Katanga pengo hilo ni kubwa, kwa sababu Wasanga, Walamba, Wakaonde na Wabemba huhesabu ukoo kwa mama. Mjukuu wa Msanga aliyefuata jina la baba wa baba wa baba amechora mti ambao wazee wake wenyewe wasingeutambua. Kwake yeye anayehitajika ni muyomba, kaka wa mama, na nyuma yake bibi mzaa mama na dada zake. Waluba na Bayeke huhesabu kwa baba. Nyumba za Likasi zimechanganyika kiasi kwamba familia moja huwa na hesabu mbili, na zote mbili ziandikwe.

Akina mama huulizwa vizuri mikono ikiwa kazini, wakichambua mboga au kusafisha dagaa, na mmoja mmoja kabla ya kuwakutanisha. Maswali yaanzie kwenye mambo yaliyoshikwa kwa mikono: alipika wapi mara ya kwanza baada ya kuolewa, nani alimpokea stesheni, jirani wa kulia na wa kushoto kambini walikuwa kina nani, nani alimzalisha mtoto wa kwanza, mahari ilipokelewa na nani. Swali la mahari huwataja wajomba wote. Mwenye umri mkubwa asikatizwe kwa kusahihishwa. Dada yake akisema tofauti, yaandikwe yote mawili, kila moja na jina la msemaji na tarehe.

Kilioni ndugu wa mbali hufika, na wasifu wa marehemu husomwa mbele ya watu. Kuomba nakala ya wasifu huo baada ya mazishi ni adabu, lakini kutoa daftari katikati ya maombolezo sivyo. Pale inatosha kuchukua namba za simu.

Majeraha ya 1992

Utafutaji wowote wa ukoo Likasi utafika 1992. Mwaka huo na uliofuata, watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa Katanga, walifukuzwa makwao. Huko Likasi maelfu walilala stesheni na katika shule wakingoja treni za kwenda Kasai, na wapo waliokufa wakingoja na wengine njiani. Familia za mchanganyiko ziligawanyika: mume akapanda treni, mke akabaki na watoto, au watoto wakabadilishiwa jina ili wapone.

Habari hizi haziulizwi siku ya kwanza, wala mbele ya wageni. Msimuliaji aamue mwenyewe kama sauti yake inarekodiwa na nani ataisikia. Jina lililobadilishwa ili kumwokoa mtoto lisiwekwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo bila idhini yake, hata kama sasa ana miaka 50. Ndivyo pia kwa mtoto aliyelelewa kama wa nyumba, na kwa tuhuma za bulozi, yaani uchawi, zilizotenganisha ndugu: mtafutaji anaweza kuzijua bila kuzisambaza. Panapokuwa na ugomvi wa kiwanja au urithi, aseme wazi kwamba mti anaouchora si ushahidi wa kugawia mali.

Pamoja na hayo, 1992 imeacha njia ya kufuata. Waliofika Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi au Kananga wanakumbuka Likasi ya miaka ya 1960 na 1970 kuliko wengi waliobaki, na wengine waliondoka na picha na vitabu vya kazi. Picha ya zamani itumwe kwao kwa simu, mbele na nyuma, kwa sababu nyuma ndipo penye muhuri wa studio na mwandiko wa aliyeituma. Kwa gharama ya megabaiti chache, nyuso huweza kupata majina jioni ileile.

Daftari na safari

Vifaa ni vichache: daftari gumu, kalamu, simu yenye nafasi. Ukurasa mmoja kwa mtu mmoja. Juu majina yake yote, chini yake mahali na miaka, kisha aliyesema kila jambo. Rekodi ya sauti ianze kwa msimulizi kutaja jina lake, siku na mahali. Nakala zikae sehemu tatu, mojawapo nje ya nyumba, kwa kuwa simu huibiwa na umeme haupatikani kila siku. Vipimo vya vinasaba vinavyouzwa Ulaya na Marekani vinaweza kungoja: ni ghali, na havisemi jina la kijiji.

Daftari likishakuwa na jina la kitongoji, la chifu wa wakati ule na la ndugu angalau mmoja aliyebaki, safari ya kijijini inakuwa na maana. Atangulize habari kwa mtu wa huko anayeishi Likasi, aulize ni zawadi gani hupelekwa kwa chifu, na abebe picha zilizochapishwa, kwa kuwa wazee wengi huzitazama vizuri zaidi karatasini kuliko kwenye kioo cha simu. Akifika, asianze kwa kuuliza. Aeleze kwanza nkambo aliondoka na nani, alifanya kazi gani, alizaa watoto wangapi na amezikwa wapi, maana waliobaki wamesubiri habari hiyo miaka mingi kuliko yeye. Na kabla ya kuondoka, aache nakala ya mti wa ukoo ikiwa na nafasi wazi, pamoja na namba ya simu, ili wajukuu wa huko waendelee kujaza.